Ruzuku za kujitegemea kiutafiti: niombe nikiwa Marekani au nirudi kwanza Zanzibar?

Mwana wa Kojani ameuliza:

Assalamu alaykum, wakubwa zangu na wenzangu.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na nimeingia mwaka wa tatu nikiwa mtafiti wa baada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kazi yangu ni juu ya kichocho cha mkojo, na khasa konokono wanaokibeba. Waliowahi kuishughulikia mada hii wanajua kwamba anayeeneza vimelea Unguja na Pemba ni Bulinus globosus, ilhali Bulinus nasutus, anayepatikana kusini ya Unguja, habebi vimelea hivyo, ingawa kwa macho matupu si rahisi kuwatafautisha. Nia yangu ni kuitumia miaka ijayo kutafuta, katika ngazi ya jeni, kitu kinachomfanya mmoja avipokee vimelea na mwengine avikatae.

Msimamizi wangu ananihimiza niombe ruzuku ya K99/R00 ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani NIH. Kwa asiyeifahamu, ina awamu mbili: K99, ambayo ni mwaka mmoja au miwili ya kufanya kazi chini ya mlezi wa kitaaluma, na R00, isiyozidi miaka mitatu, inayoanza pale mtafiti anapoajiriwa kuwa profesa msaidizi na kufungua maabara yake mwenyewe. Haishurutishi uraia wa Marekani, na hilo lilinishangaza, kwa sababu ruzuku nyingi za mafunzo za nchi ile hudai uraia au ukaazi wa kudumu.

Upande wa pili, bado mimi ni mwajiriwa wa taasisi moja ya umma hapo nyumbani, niliyeondoka kwa ruhusa ya masomo, na taasisi hiyo inanitarajia. Konokono wenyewe pia wapo huko. Sipendi kuliamua jambo hili kwa hisia tu, kwa hiyo naomba wenye uzoefu wanieleze mambo mawili. Kwanza, je, inawezekana kuipata K99/R00 kisha nikaihamishia Zanzibar? Pili, ikiwa haiwezekani, zipo ruzuku za kiwango hicho ambazo mtu anaweza kuziomba akiwa na taasisi mwenyeji Zanzibar, na je, wapitiaji wa maombi huichukulia kwa uzito taasisi iliyopo kisiwani?

Mkaazi wa Ng'ambo amejibu:

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ninafundisha chuo kikuu Marekani na nimewahi kukaa katika vikao vya kupitia maombi ya aina hii, kwa hiyo nitajibu kutoka upande huo wa meza.

Swali lako la kwanza lina jawabu fupi: haiwezekani. Awamu ya R00 hutolewa kwa mtu aliyepata nafasi ya uprofesa msaidizi wa kutwa, unaoelekea ajira ya kudumu, katika taasisi ya Marekani. Fedha zenyewe, zinazofikia dola 249,000 kwa mwaka pamoja na sehemu ya gharama za uendeshaji inayochukuliwa na chuo, hulipwa chuo hicho, si mtu binafsi. Mtu akiifikia R00 kisha akaamua kurudi Tunguu au Chake Chake, anaiacha nyuma.

Ni vyema uelewe kwa nini imeundwa hivyo, maana ukilielewa hili utajua pia kama inakufaa. Marekani haina upungufu wa watafiti wenye shahada ya uzamivu. Kinachopungua ni viti, yaani nafasi za uprofesa. Kwa tangazo moja la uprofesa msaidizi huletwa maombi mengi mno, na kamati ya ajira inapomwona mwombaji anayeingia na fedha zake za miaka mitatu, humtazama kwa jicho jengine. K99 ni dawa ya maradhi hayo. Hailipii mradi kama mradi. Inamlipia mtu ili aonekane anaajirika. Ndiyo maana vigezo vya kupitia ombi havianzi na utafiti, bali vinaanza na mwombaji mwenyewe, kisha mpango wa kumwendeleza, mpango wa utafiti, walezi wake na mazingira ya taasisi. Nimeona maandiko yenye sayansi nzuri kabisa yakishuka alama kwa sababu sehemu ya mafunzo iliandikwa kama nyongeza, mtu akisema atahudhuria kozi ya takwimu na kongamano moja, basi. Mpitiaji huuliza: huyu mtu anakosa nini leo, na baada ya miaka miwili atakuwa na nini ambacho leo hana? Kwa mfano wako, ikiwa umebobea katika vimelea lakini hujawahi kuchambua jenomu nzima ya konokono, hilo ndilo pengo, na mlezi wa pili anayelimudi atajwe kwa kazi atakayokufundisha.

Kurasa za maelezo ya mwombaji na za mkakati wa utafiti zikijumlishwa haziruhusiwi kuzidi 12, nje ya ukurasa mmoja wa malengo mahususi. Ukurasa huo mmoja uandike mwanzo na uurejee mwisho, kwa sababu katika kikao wapo wajumbe ambao hawatasoma zaidi ya hapo kabla ya kupiga alama. Alama ya mwisho huwa baina ya 10 na 90, na iliyo ndogo ndiyo bora, jambo linalowachanganya wengi kwa mara ya kwanza.

Sasa lile la haraka. Mwombaji wa K99 hatakiwi kuwa amezidisha miaka minne ya utafiti wa baada ya uzamivu siku anayowasilisha ombi, na kikomo hicho kinashika hata ombi la marudio. Tarehe za kawaida za maombi mapya zimekuwa 12 Februari, 12 Juni na 12 Oktoba, na baina ya kuwasilisha na kuanza kulipwa hupita takriban miezi tisa. Anayesubiri mpaka mwisho wa mwaka wa nne huwa amejinyima nafasi ya pili, na ombi la pili, lililoandikwa baada ya kusoma maoni ya wapitiaji, mara nyingi ndilo linalofaulu. Waliojifungua katika kipindi hicho huongezewa mwaka mmoja kwa utaratibu maalumu. Nalitaja kwa faida ya dada zetu wanaosoma hapa.

Na kwa kuwa konokono wako wapo Pemba: tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye mikataba midogo ya kupeleka fedha kwa taasisi za nje mpaka utaratibu mpya uwekwe. Ombi lako lisisimame juu ya fedha za kulipa wakusanyaji wa sampuli Micheweni. Lisimame juu ya sampuli ulizonazo tayari maabara, na kazi ya uwandani uipangie chanzo chengine. Pia tazama stika ya viza yako. Ikiwa ni J-1, yaani viza ya wageni wa mipango ya kubadilishana kitaaluma, na imeandikwa kwamba unabanwa na kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, una deni la kuishi nyumbani miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kubadilisha kwenda kwenye viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu, na deni hilo litagongana na R00 uso kwa uso.

Mhadhiri wa Kisiwani amejibu:

Ahsante sana kaka Mkaazi wa Ng'ambo. Naongezea kutoka upande wa huku, na pengine nitatafautiana nawe kidogo.

Umesema Marekani kinachokosekana ni kiti. Huku ni kinyume chake, na Mwana wa Kojani alitie hili moyoni kabla ya kulinganisha ruzuku yoyote na nyengine. Mwenye shahada ya uzamivu akirudi kwenye chuo kikuu cha Zanzibar huwa mhadhiri kwa utaratibu wa ajira uliopo. Hahitaji kuja na fedha ili aajiriwe. Anachokikosa ni muda wa utafiti, kwa sababu atapangiwa masomo ya kufundisha mpaka ratiba ijae, na baada ya hapo fedha, na baada ya hapo friji la nyuzi 80 chini ya sifuri ambalo umeme ukikatika litaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo ruzuku ya kujitegemea kwa mtu wa huku ina kazi nyengine: inamnunulia mhadhiri muda wake mwenyewe.

Ukilitazama hivyo, ya kwanza kuifikiria ni Early-Career Award ya Wellcome ya Uingereza. Mwenyeji anaweza kuwa taasisi ya Uingereza, ya Jamhuri ya Ireland, au ya nchi yenye kipato cha chini au cha kati, isipokuwa India na China bara. Kwa hiyo Tanzania imo. Hulipa mshahara wa mtafiti pamoja na gharama za utafiti zisizozidi pauni 400,000, kwa kawaida kwa miaka mitano. Lakini kikomo chake cha uzoefu ni miaka mitatu baada ya uzamivu, si minne. Ndugu yangu, wewe umeingia mwaka wa tatu. Mazungumzo yote hapo juu yamehusu saa ya K99, na saa hii nyengine inakwisha kabla yake. Ikikupita, Wellcome wana Career Development Award isiyo na kikomo cha miaka, ila hiyo hushindaniwa na watu waliokwisha kujijengea jina.

Ipo pia K43, iliyoanzishwa na Fogarty, ambacho ni kituo cha kimataifa cha hiyohiyo NIH. Hii iliundwa kwa ajili ya mtafiti mchanga ambaye tayari ana ajira katika taasisi ya nchi yenye kipato cha chini au cha kati, akiwa na mlezi mmoja Marekani na mwengine nyumbani, na mwombaji ni taasisi ya nyumbani yenyewe. Wewe mwenye ajira Zanzibar na msimamizi Marekani umefanana nayo kuliko unavyodhani. Soma tangazo la mwaka husika, usitegemee la zamani lililohifadhiwa na rafiki. Na kwa wanaorejea Afrika wakiwa na shahada mpya, TWAS, chuo cha sayansi cha nchi zinazoendelea chenye makao yake Trieste, Italia, kimekuwa kikitoa fedha za kuanzia kwa watafiti wakuu wapya wa Kiafrika kwa msaada wa Serikali ya Ujerumani. Hizo ni ndogo zaidi, lakini zinatosha kununua vifaa na kumlipia mwanafunzi wa uzamili.

Swali lako kama wapitiaji huizingatia taasisi ya kisiwani ni zuri, na jawabu langu ni kwamba wanaizingatia ikiwa barua ya taasisi imesema kitu. Nimeziona barua zetu. Nyingi zimejaa heshima: taasisi inamuunga mkono kwa dhati, taasisi inamtakia kila la kheri. Mpitiaji wa London, yaani wa Wellcome, hana la kufanya na maneno hayo. Barua inayofaa inaeleza kwamba mhadhiri huyu atapunguziwa ufundishaji mpaka kiwango kilichotajwa, kwamba chumba fulani ni chake kwa miaka yote ya ruzuku, kwamba jenereta lipo na mafuta yake yana fungu katika bajeti, na kwamba anayesimamia hesabu za wafadhili wa nje ni mtu mwenye cheo na uzoefu huo. Kulipata sharti la kwanza kunaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kuliandika andiko lenyewe, kwa sababu mkuu wa idara hawezi kuliahidi peke yake. Lazima lipande mpaka kwa naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, na huko kila mtu ana safari.

Pamoja na hayo, taasisi isiyowahi kupokea fedha za NIH moja kwa moja inahitaji kusajiliwa katika mfumo wa Serikali ya Marekani wa SAM.gov ili ipate UEI, yaani nambari ya utambulisho wa taasisi, na usajili huo hula wiki nyingi hata mambo yakienda sawa. Uliza mapema kama umeshafanywa na kama haujaisha muda, maana huhuishwa kila mwaka. Utafiti wenyewe ukigusa watu, hata kwa kupima mkojo wa watoto wa skuli tu, utapitia kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ZAHREC, na kupeleka sampuli nje kuna idhini yake.

Nina mfano mmoja wa karibu. Mradi wa SchistoBreak uliofanywa kaskazini ya Pemba kuanzia mwaka 2020 ulilipiwa na ruzuku ya PRIMA ya mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi, iliyowekwa makusudi kwa wanawake watafiti wenye mwelekeo wa kuufikia uprofesa. Ni ruzuku ya aina hiihii unayoiulizia. Uwanja ulikuwa Pemba, kiti kilikuwa Uswisi. Silisemi kwa lawama, kwani Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi ilishiriki na wenzetu walijifunza mengi. Ninachosema ni kwamba mada ya Pemba inaweza kabisa kumpatia mtu ruzuku ya kujitegemea, na sioni sababu kwa nini kiti nacho kisiwe huku.

Dau la Mkoani amejibu:

Mimi ni mtu wa sayansi ya bahari, kwa hiyo Wellcome na NIH si mlango wangu, lakini naandika kwa ajili ya wenzangu wa fani hii watakaopita hapa. Jumuiya ya sayansi ya bahari ya ukanda wa magharibi wa Bahari ya Hindi, WIOMSA, makao yake yapo hapahapa Unguja. Ina ruzuku ndogo za MARG kwa watafiti wanaoanza, na ina mpango mkubwa zaidi wa MASMA unaolipia miradi ya pamoja ya nchi kadhaa. MARG haitakufanya ujitegemee, lakini ripoti yake nzuri ndiyo matokeo ya awali utakayoyaonesha unapoomba fedha kubwa, na tena inakuonesha kuwa umewahi kukabidhiwa fedha ukazirejeshea hesabu.

Kwa ndugu Mwana wa Kojani sina la kumfundisha, ila namuuliza mkataba wake wa ruhusa ya masomo unasemaje. Waajiri wa umma huweka sharti la kurudi kutumikia kwa muda, na ruhusa hiyo haikuandikwa ikimfikiria mtu atakayekaa nje mpaka R00 imalizike. Aulize kwa maandishi na ajibiwe kwa maandishi.

Mwana wa Kojani ameandika:

Nawashukuru nyote, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeutazama mkataba: nimefungwa kurudi, na muda wa kuongeza ruhusa una mwisho usiofika hata nusu ya awamu ya R00. Viza yangu nayo imeandikwa kifungu kile. Kwa hiyo K99 naiweka kando, ingawa itabidi nimweleze msimamizi wangu kwa adabu, na leo nimemwandikia mkuu wangu wa idara huko nyumbani juu ya Wellcome.

Limebaki moja linalonitatiza. Konokono ninaowafuga hapa maabara walitoka Pemba, lakini walikusanywa kwa fedha za msimamizi wangu, na nusu ya matokeo yangu ya awali yanatokana nao. Nikiandika ombi linalowategemea, ni wangu au ni wake?

Mkaazi wa Ng'ambo amejibu:

Mpaka mkubaliane, ni wake, au kwa usahihi zaidi ni wa chuo chake. Ndiyo maana nilitaka kukuambia jambo hili na nikaona jawabu langu limeshakuwa refu. Wapitiaji wa ruzuku yoyote ya kujitegemea, iwe ya London au ya Bethesda yalipo makao ya NIH, hulitafuta swali hilohilo: mwombaji akiondoka, msimamizi wake ataendelea na kazi hiyohiyo? Jawabu likiwa ndiyo, ombi huanguka, kwa sababu maabara ndogo iliyoanza jana haitashindana na kubwa iliyomzaa.

Mwombe mkutano wa peke yake. Usiende na swali la nani mwenye konokono. Nenda na ukurasa wako mmoja wa malengo, mwachie ausome, kisha muulize ni lipi kati ya haya anakusudia kuliendeleza yeye. Kwa uzoefu wangu wasimamizi wengi huachia zaidi kuliko vijana wanavyoogopa, ila hawaachii wasichoombwa. Atakaloliacha uliombe liandikwe katika barua yake ya kukuunga mkono, kwa kutaja spishi na swali, na kwamba utapewa kizazi cha konokono hao pamoja na data ghafi kwa mkataba wa kuhamisha sampuli baina ya vyuo viwili. Mkataba huo husainiwa na afisi ya chuo, si na profesa, kwa hiyo uanze sasa.

Mhadhiri wa Kisiwani amejibu:

Na kwa upande wa Pemba, usiwategemee hao peke yao. Konokono waliofugwa vizazi vingi maabara hubadilika, na mpitiaji anayeijua fani atakuuliza kama wanafanana bado na wa mitoni. Ukija likizo, chukua vibali kabla, ukusanye upya kwa jina la taasisi yako ya nyumbani. Hao hakuna atakayeuliza ni wa nani.